Damu ya Mwenzi Wako: Isigande, Isimwagike

Kurasa hizi zimezoea habari za meseji za usiku wa manane, mawifi wenye maneno na bajeti za harusi zinazozidi mshahara. Mwezi huu naomba tukae chini tuongee habari ya damu. Sina maana ya damu ya undugu. Naongelea damu yenyewe, nyekundu, inayotoka kwenye mkono wa mume au mke, inapita kwenye mipira na mashine, halafu inarudi mwilini.

Ugonjwa wa figo haungoji uzee. Kisukari na shinikizo la damu, magonjwa mawili yanayoongoza kwa kuharibu figo, yanawapata hata watu wa rika letu, wale wa kukaa ofisini mpaka jua linazama, chipsi kuku mchana na nyama choma wikiendi. Huenda hata wewe unamjua mtu anayekwenda kusafishwa damu mara 3 kwa wiki. Tunajua habari za gharama, tunachangishana kwenye magrupu, tunapeleka matunda (ambayo mara nyingi hata haruhusiwi kula). Lakini hebu jiulize swali moja dogo: damu ikitoka nje ya mwili si huwa inaganda? Sasa hii inazungukaje nje kwa saa 4 nzima bila kuganda?

Nimelifuatilia swali hilo kwa miezi kadhaa, kwa wataalamu, kwenye vitabu na kwa watu wangu wa karibu wanaoishi na mashine. Nilidhani nitapata jibu la hospitali tu. Nikakuta na jibu la chumbani na jikoni. Dawa inayozuia damu isigande hupimwa kwa kutegemea habari za mgonjwa, na habari nyingi za mgonjwa anazijua mtu mmoja: wewe unayelala naye.

DAMU HAIPENDI PLASTIKI

Ukijikata kidole wakati unakata vitunguu, baada ya dakika chache damu inaacha kutoka. Huo ni ulinzi wa mwili. Damu imezoea kugusana na ukuta laini wa mishipa yake. Ikigusa kitu kingine chochote inajua kuna mahali pamepasuka, na kazi yake ni kuziba hapo haraka.

Sasa ichukue damu hiyohiyo uipitishe kwenye mipira ya plastiki. Kwenye mashine ya kusafisha damu, kiasi kama cha mililita 200 kinakuwa nje ya mwili kwa wakati mmoja. Pampu ikisukuma mililita 300 kwa dakika, kwa saa 4 zinapita lita 72. Mtu mzima ana lita kama 5 tu za damu, kwa hiyo damu yake yote inakuwa imezunguka nje zaidi ya mara 14. Katika kila mzunguko inapita kwenye kichujio chenye maelfu ya vijibomba vyembamba, kila kimoja kikiwa na tundu la karibu milimita 0.2. Hebu fikiria uzi wa kushonea, halafu uutoboe tundu katikati. Ndiyo njia yenyewe hiyo.

Kidonge kidogo tu cha damu iliyoganda kinaziba kijibomba kimoja, halafu cha pili, halafu mia. Kichujio kikiziba nusu, mgonjwa amekaa saa zake 4 lakini sumu nyingi imebaki mwilini. Kikiziba chote, damu iliyomo haiwezi kurudishwa, inatupwa. Na huyu ni mtu ambaye tayari ana upungufu wa damu, kwa sababu figo ndizo zinazotengeneza homoni ya kuuambia mwili uzalishe damu. Kwake, kila glasi ya damu inayomwagwa ni hasara kubwa.

KUTOKA KWA RUBA HADI KWENYE INI

Wenye akili zao walihangaika na jambo hili miaka mingi. Mwaka 1913 kule Baltimore, Marekani, John Jacob Abel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitengeneza figo ya bandia na kuijaribu kwa wanyama. Ili damu isigande walitumia dawa iliyotoka kwa ruba, yule mdudu wa majini anayekung'ang'ania mguuni. Ruba akikunyonya, mate yake yanazuia damu isigande mpaka ashibe. Tabu ni kwamba ruba walihitajika wengi na dawa yenyewe ilikuwa vigumu kuisafisha.

Mwaka 1916, chuoni hapohapo, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Jay McLean alikuwa anatafuta kitu cha kugandisha damu. Akapata kinyume chake, kitu kutoka kwenye ini la mbwa kilichozuia damu isigande. Mwalimu wake, William Howell, ndiye aliyeleta jina la heparini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Toronto na Stockholm waliisafisha ikafaa kwa binadamu.

Halafu akaja Willem Kolff, daktari kijana wa Uholanzi. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani na vifaa hakuna, alitengeneza mashine kwa kutumia ngozi bandia ya kufungia soseji. Heparini ndiyo iliyofanya damu iendelee kuzunguka. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Mwaka 1945 mama mmoja wa miaka 67 aliyekuwa amepoteza fahamu alizinduka baada ya kusafishwa damu, na akapona. Mashine zote unazoziona leo, kuanzia Muhimbili hadi kwenye vituo binafsi vya Mombasa, ni wajukuu wa ile mashine ya Kolff, na wengi wanaolala kando yake bado wanapewa heparini.

DAWA YENYEWE INAFANYAJE KAZI?

Mtaani tunasema "dawa ya kufanya damu iwe nyepesi". Jina hilo linapotosha kidogo, maana hakuna kinachoyeyushwa kama unavyoongeza maji kwenye chai ya rangi. Heparini inaipa nguvu protini ya asili iliyomo kwenye damu ambayo kazi yake ni kuzuia kuganda. Na haiyeyushi damu iliyokwisha ganda. Ikichelewa, imechelewa.

Kwa kawaida nesi anachoma dozi ya kwanza mwanzoni, halafu nyingine inaingia kidogokidogo kwa pampu ya mashine au inaongezwa kwa sindano. Kwa mgonjwa mwenye fistula, yaani mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa upasuaji ili damu itoke kwa kasi, dawa inasimamishwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kumaliza ili sindano zikitolewa damu isiendelee kuchuruzika. Nguvu ya heparini inapungua kwa nusu kila baada ya muda kama wa saa moja hadi moja na nusu, kwa hiyo inabaki kwa saa chache baada ya mgonjwa kuondoka kituoni. Kumbuka hilo unapomwona mwenzio amerudi nyumbani anashika kisu au anapanda bodaboda.

Tatizo la heparini ni kwamba haibagui. Inazuia damu isigande kwenye mashine, lakini pia inazuia isigande kwenye kidonda cha tumbo, kwenye fizi na kwenye mji wa mimba. Dozi ikiwa ndogo, kichujio kinaziba. Ikiwa kubwa, mtu anavuja damu. Nesi anapita katikati ya hatari hizo mbili kila siku, na anachoongozwa nacho ni vipimo, macho yake na majibu ya mgonjwa. Sasa mgonjwa akificha?

"HAMNA TATIZO, KAKA"

Nina rafiki niliyesoma naye chuo, ana miaka 34, anafanya kazi benki. Majina nayaacha, ameniruhusu kusimulia. Tangu aanze kusafishwa damu, siku zake za mwezi ziliongezeka kutoka 4 hadi 9, na ni nyingi kweli. Nesi wa zamu yake alikuwa kijana wa kiume, mpole, na kila akija anamuuliza, "Dada, kuna tatizo lolote?" Naye anajibu, "Hamna tatizo, kaka." Angesema nini mbele ya wanaume watano waliolala kwenye viti vya pembeni?

Damu ikashuka mpaka akaongezewa chupa 2. Hapo ndipo pabaya, kwa sababu rafiki yangu alikuwa anasubiri kupandikizwa figo. Tanzania ilianza kupandikiza figo mwaka 2017 pale Muhimbili, kwa hiyo kwake hiyo haikuwa ndoto ya kupanda ndege tu. Lakini kila unapoongezewa damu ya mtu mwingine, mwili unaweza kutengeneza askari wa kukataa viungo vya wengine, na kumpata mchangiaji anayelingana nawe kunakuwa kugumu zaidi.

Aliyejua siri yote ni mumewe. Ndiye aliyekuwa anapita dukani kununua pedi, na alikuwa ameona pakiti zinaongezeka kila mwezi. Siku ya kliniki akamweleza daktari wazi, mkewe amekaa hapohapo. Daktari akaagiza heparini ipunguzwe siku anapokuwa mwezini, na akampeleka kwa daktari wa wanawake.

Nyumbani lakini kulichafuka. Siku mbili hawakuongea. Kwake yeye mume alikuwa amemvua nguo hadharani. Na mume naye, kama alivyoniambia mwenyewe, aliona bora mke anayemnunia kuliko mke anayezikwa. Mimi namwelewa kila mmoja. Nilichokipenda ni walipofikia: walikubaliana kwamba anayesema ni mke, kwa njia yake. Siku hizi akifika kituoni anampa nesi kikaratasi kilichokunjwa, kimeandikwa maneno machache tu, na hakuna jirani anayejua. Kikaratasi hicho kinapunguza dozi.

KIU INAANZIA JIKONI

Wa pili ni kaka wa miaka 38, mtu wa matangazo, mcheshi, hapendi kuonekana mgonjwa. Kwake yeye kichujio kiliziba mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mashine ikawa inalia, mipira imebadilika rangi na kuwa myeusi, damu ikatupwa. Mkewe hakuambiwa. Alichoambiwa ni kwamba kulikuwa na foleni.

Ungedhani dawa ni kuongeza heparini, sivyo? Daktari alianza kwa kuangalia mizani. Bwana alikuwa anakuja na kilo 4 za maji juu ya uzito wake, kila mara. Kuondoa lita 4 kwa saa 4 kunafanya damu iliyomo kwenye kichujio iwe nzito, kama uji unaozidi kuchemka. Halafu presha inashuka, inabidi pampu ipunguzwe kasi, na damu inayokwenda polepole inaganda upesi. Juu ya hayo, alikuwa na mtindo wa kukunja mkono wenye sindano ili aangalie mpira kwenye simu. Kila akikunja, pampu inasimama. Damu ikisimama, inaganda.

Mkewe alipojua, alitaka kumfungia jagi la maji kabatini. Ugomvi mtupu. Mtaalamu wa lishe ndiye aliyewaamulia kwa swali moja: chumvi mnaweka kiasi gani? Kumbe nyumba ilikuwa inakula dagaa wa chumvi, supu ya viungo vya paketi na kachumbari yenye chumvi ya kunyunyizia. Mtu anayekula hivyo hata umfunge kamba atakunywa maji. Walipopunguza chumvi kwa nyumba nzima, watoto wakiwemo, kiu ikapungua yenyewe na uzito ukashuka. Kichujio hakijaziba tena, na heparini haikuongezwa hata tone.

SWALI LINALOULIZWA KWA SAUTI YA CHINI

Kuna jambo ambalo wanandoa Waislamu wananiuliza kwa kunong'ona: dawa hii inatoka wapi? Jibu la kweli ni kwamba heparini nyingi inayotumika duniani leo inatengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Wapo wanazuoni wengi wanaoiruhusu kwa hoja ya dharura pale ambapo hakuna mbadala, na wengine wanaosema kitu kikishabadilishwa kabisa hukumu yake hubadilika. Mimi si shehe, mwulize wako unayemwamini.

Ninalokuomba ni moja. Usiikatae kimyakimya na usimshawishi mwenzio aikatae kimyakimya. Mwambie daktari dukuduku lako. Zipo dawa nyingine, kama sitrati na argatrobani, lakini zinataka vipimo vya karibu na hazipatikani kila kituo. Ipo pia njia ya kusafisha damu bila heparini kabisa, ambapo nesi anasuuza kichujio kwa maji ya dripu kila baada ya dakika 15 hadi 30. Njia hiyo hutumika zaidi kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji au anayevuja damu. Inamtaka nesi asibanduke, na hatari ya kuziba inakuwa kubwa zaidi.

Halafu kuna wachache ambao mwili wao unaikataa heparini. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinashuka, mara nyingi siku 5 hadi 10 baada ya kuanza dawa, na cha ajabu ni kwamba watu hawa wanaganda damu ndani ya mishipa badala ya kuvuja. Mwenzio akishaambiwa ana tatizo hilo, liandike na mtembee nalo popote. Hatakiwi kupewa heparini tena, hata kidogo ya kusuuzia mpira.

KAZI KWENU WAWILI

Haya, chukua kalamu. Mambo haya mwambie nesi kabla mashine haijawashwa, au hakikisha mwenzio anayasema:

1. Ameanguka, amejigonga kichwa au amepata ajali tangu mara ya mwisho, hata kama anasema "niko fiti".

2. Fizi zinatoa damu, pua inatoa damu, choo ni cheusi kama lami au kina damu.

3. Yuko kwenye hedhi, na kama ni nyingi kuliko kawaida.

4. Amemeza aspirini, diklofenaki, ibuprofeni au dawa nyingine yoyote ya kununua dukani. Hizi zinaongeza kuvuja damu.

5. Anatarajia kung'oa jino au kufanyiwa upasuaji mdogo. Jino ling'olewe siku inayofuata baada ya kusafishwa, isiwe siku hiyohiyo, na daktari wa meno aambiwe.

6. Mara ya mwisho sindano zilipotolewa, damu ilichukua muda mrefu kukata. Hiyo ni dalili kwamba dozi iangaliwe upya.

Kama ana mipira miwili iliyowekwa shingoni au kifuani, jua kwamba ndani yake mara nyingi imeachwa heparini kali ili isizibe. Mtu wa zahanati asiitumie kumwekea dripu au dawa. Na siku aliyosafishwa, epukeni sindano za msuli.

Halafu lile la kutisha. Fistula ikianza kutoa damu nyumbani, usiende kutafuta dawa ya kienyeji wala usifunge mkono mzima kwa kamba. Bonyeza palepale panapotoka kwa vidole na kitambaa safi, kwa nguvu, inua mkono juu, na mwende hospitali huku bado unabonyeza. Fanyeni mazoezi mapema, kwa sababu siku yenyewe mikono itatetemeka.

NA CHUMBANI?

Najua hili mlikuwa mnalingoja. Ndiyo, mapenzi yapo. Mkono wenye fistula usilaliwe, usivalishwe bangili za kubana wala saa, usipimwe presha. Chagueni upande wa kulala mapema, kama mlivyochagua nani anakaa karibu na ukuta. Usiku wa siku ya mashine wengi wanakuwa hoi na dawa bado haijaisha yote mwilini, kwa hiyo mambo ya nguvu yasubiri kesho. Kukumbatiana hakuna dozi.

Mwisho, niseme na wewe mzima. Najua huwezi kuomba ruhusa kazini mara 3 kwa wiki, na bosi wako ameshaanza kununa. Hakuna anayekudai ukae pale saa 4. Unachoweza ni kuuliza maswali yale 6 asubuhi, wakati chai inachemka, bila sauti ya upelelezi. Akijibu, mwache aandike mwenyewe kikaratasi chake. Akisahau, mpigie simu kabla hajafika.

Nesi ana mashine, ana sindano na ana ujuzi. Habari za jana usiku anazo mtu wa nyumbani tu. Mpelekeeni.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.